Jinsi ya kugeuza eneo la kiwanda kilichofungwa kuwa mtaa wa makazi mjini Moshi: mwongozo kamili

Mji wa Moshi umebanwa. Juu, kuelekea mlimani, kuna vihamba vya migomba na kahawa ambavyo familia zimegawana kizazi baada ya kizazi, hadi vingine vimebaki nyumba tatu na makaburi. Chini kuna mpunga wa Mabogini na Chekereni unaomwagiliwa kwa maji ya mito Rau na Njoro, halafu yanaanza mashamba ya miwa ya TPC. Kila nyumba mpya inayojengwa pembezoni mwa mji inakula ardhi inayolisha watu. Wakati huohuo, ndani ya mji, utakuta ukuta mrefu, geti lenye kutu, na nyuma yake magugu yanayofika kiunoni.

Maeneo hayo hayakuwekwa hapo kwa bahati. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911 na kuendelea hadi Arusha mwaka 1929, na viwanda vikafuata reli. Baada ya uhuru mji huu ukawa na viwanda vya magunia, ngozi, mbao, viberiti, na mitambo ya kukoboa kahawa. Mashirika ya umma yalipoyumba miaka ya 1980 na kubinafsishwa miaka ya 1990, vingine vilifungwa na havikufunguliwa tena. Ardhi yake ina barabara, ina laini kubwa ya umeme, ina bomba la maji, na iko karibu na soko, shule na hospitali. Kwa makazi, hakuna ardhi bora zaidi ya hiyo mjini, isipokuwa kwa mambo mawili: jalada lake, yaani kumbukumbu za umiliki, na udongo wake.

Nasema hili mapema kwa sababu ndilo linaloua miradi ya aina hii. Watu huanza na mchoro. Mbunifu analipwa, picha za nyumba zinang'aa, wanunuzi wanatoa malipo ya awali, ndipo inagundulika kwamba hati ina rehani ya benki au kwamba mahali pa bustani ya watoto palikuwa shimo la taka za kiwandani. Anza na jalada, fuata na udongo. Mchoro uje wa tatu.

Mwongozo huu nimeuandika kwa viongozi wa SACCOS na vyama vya ushirika, kwa wenye hati ambao eneo lao limelala, kwa maofisa wa manispaa, na kwa wajumbe wa serikali za mitaa ambao mradi utawaangukia mlangoni. Mifano yangu ni ya Moshi, lakini mwenye eneo Themi au Unga Limited kule Arusha atakuta sheria ni zilezile.

Kwanza kabisa: je, pawe makazi?

Si kila eneo la kiwanda lililolala linafaa kugeuzwa nyumba. Mji usio na kazi hauhitaji vyumba zaidi vya kulala. Kazi ya ngozi imepata uhai mpya kwenye kiwanda cha Karanga, na bado kuna wajasiriamali wanaotafuta ghala lenye umeme wa njia tatu na wasilipate. Kama majengo ni mazima, jirani zake ni viwanda vinavyofanya kazi, na malori yanapita usiku kucha, liache liwe la viwanda. Nyumba zikijengwa hapo, baada ya miaka michache wakazi wataanza kulalamikia kelele na moshi, na kiwanda kilichokuwepo kabla yao ndicho kitakachobanwa. Eneo linalofaa makazi ni lile ambalo mji umeshalizunguka: kushoto nyumba, kulia shule, na kiwanda kimebaki peke yake katikati.

Hatua ya 1: Soma jalada kabla hujatoa hata shilingi

Ardhi yote Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais. Anachomiliki mtu ni haki ya kuitumia kwa muda, mara nyingi miaka 33, 66 au 99, na kwa masharti yaliyoandikwa kwenye hati. Sharti moja ni matumizi. Hati ya kiwanda inasema viwanda, na ukijenga nyumba juu yake bila kubadili matumizi umevunja masharti ya umiliki, hata kama ardhi ni yako kihalali.

Nenda Ofisi ya Ardhi ya Mkoa wa Kilimanjaro ukaombe upekuzi rasmi. Usiridhike na nakala ya hati uliyoonyeshwa na dalali. Karatasi ya upekuzi itakuambia nani amesajiliwa, muda uliobaki, kama kuna rehani, na kama kuna zuio. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mapema miaka ya 1990 inaweza kuwa imeisha au inaelekea ukingoni, na benki haitakopesha juu yake. Angalia pia deni la kodi ya pango la ardhi. Eneo lililotelekezwa kwa muda mrefu huwa na malimbikizo makubwa, na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inaruhusu milki kubatilishwa kwa kutolipa kodi au kwa kutelekeza ardhi. Ukinunua, unanunua na hatari hiyo.

Kwa viwanda vilivyokuwa vya umma kuna tabaka jingine ambalo wengi hulisahau. Viliuzwa kupitia Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, maarufu kama PSRC, na ufuatiliaji wake hatimaye ukaishia kwa Msajili wa Hazina. Mikataba mingi ya mauzo ilimtaka mnunuzi aendeleze uzalishaji. Serikali imeshatwaa viwanda kadhaa nchini ambavyo wanunuzi hawakutimiza ahadi hiyo. Kwa hiyo hata kama upekuzi unaonyesha hati safi, andika barua kwa Msajili wa Hazina uulize kama kuna sharti la ubinafsishaji linaloendelea, na usubiri jibu la maandishi. Maneno ya mdomo ya ofisa yeyote hayatakusaidia mahakamani.

Kama kampuni iliyomiliki iko chini ya mfilisi, zungumza na mfilisi mwenyewe. Kama mmiliki amefariki, hakikisha unaongea na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa wa familia tu. Na kama miongoni mwa washirika wako yumo asiye raia wa Tanzania, fahamu kwamba sheria inamruhusu kupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji uliosajiliwa tu. Muundo wa kampuni upangwe na wakili tangu mwanzo.

Mwisho wa hatua hii, lipia mpima aliyesajiliwa afufue mipaka. Mawe ya mipaka ya viwanda vya zamani mengi yamefukiwa au yamehamishwa, na ukuta unaouona hauko lazima penye mpaka.

Hatua ya 2: Watafute waliofanya kazi hapo

Hakuna maabara itakayokuambia kitu haraka kama mzee aliyekuwa zamu ya usiku kwenye boila. Kaa naye, mpe heshima yake, mtembee naye eneo zima. Muulize maswali ya wazi: mafuta yalikuwa yanashushwa wapi? Tangi la chini ya ardhi lilikuwa wapi? Maji machafu yalikuwa yanatoka kwa mfereji upi? Vitu vibovu mlikuwa mnavifukia wapi? Transfoma ya kwanza ilisimama wapi kabla ya kubadilishwa?

Kila aina ya kiwanda ina mabaki yake. Kiwanda cha ngozi kinachotumia kromia huacha kromia na chumvi nyingi kwenye mashimo ya tope. Kromia ya aina ya tatu si kali sana, lakini ile ya sita ni sumu na inasafiri na maji, hivyo maabara iombwe izitenganishe. Ukipewa jumla tu, hujaambiwa kitu. Mahali palipotibiwa mbao na nguzo mara nyingi pana shaba, kromia na arseniki, au mafuta meusi ya kreosoti. Kiwanda cha magunia kilitumia mafuta ya kulainisha nyuzi, na boila zake mara nyingi zilikuwa na mabomba yaliyofungwa kwa asbesto, nyuzi laini za madini zinazodhuru mapafu. Kiwanda cha viberiti kiliweka ghalani salfa, klorati na fosforasi nyekundu. Kukobolea kahawa ndiko kusiko na madhara makubwa. Hapo tafuta tu matangi ya dizeli na karakana ya magari.

Transfoma za zamani zinahitaji tahadhari ya pekee. Mafuta ya nyingi zilizotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1980 yanaweza kuwa na PCB, kemikali ambayo Mkataba wa Stockholm unataka iwe imeteketezwa kwa njia salama kufikia 2028. Watu huiba mafuta hayo kuyatumia kwenye mashine za kuchomelea, na hata kukaangia chakula. Ukiona msingi wa zege wenye doa jeusi linaloteleza na majani hayaoti pembeni yake, weka uzio siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Pima udongo na maji

Hapa ndipo pesa ya kwanza ya maana inatumika, na hapa ndipo watu wanapojaribu kubana. Tafadhali usibane. Mwaka 1953, kule Niagara Falls nchini Marekani, eneo lililokuwa limefukiwa takriban tani 20,000 za taka za kemikali liliuzwa kwa bodi ya shule kwa dola moja. Pakajengwa shule na nyumba. Mwaka 1978 serikali ilitangaza hali ya dharura na kuanza kuhamisha familia. Karibu zaidi na sisi, wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri, na metali ya risasi ikaingia kwenye damu za watoto wao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hakuna hukumu inayorudisha akili ya mtoto iliyoharibiwa na risasi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Fanya hivi. Chukua ramani ya mpima, chora miraba ya mita 20 kwa 20. Kwa eneo la ekari 10, yaani mita za mraba kama 40,470, utapata takriban sehemu 100 za kuchukulia sampuli. Halafu ongeza sehemu zote alizokuonyesha yule mzee. Kila sehemu chukua udongo wa juu kabisa, sentimita 0 hadi 10, kwa sababu huo ndio mtoto anaushika na kuutia mdomoni. Chukua tena kwenye nusu mita, na tena kwenye mita moja. Penye shaka chimba shimo hadi ufike udongo wa asili.

Simama kwenye ukingo wa shimo hilo uangalie. Udongo wa asili wa Moshi ni wa volkano, wa kahawia kuelekea wekundu, na unashikana ukiwa na unyevu. Ukikuta tabaka la kijivu lenye vipande vya matofali na misumari, huo ni ujazo ulioletwa. Ukikuta tabaka la bluu-kijani linalonuka mayai yaliyooza, simamisha kazi na umwite mtaalamu kabla mtu hajaingia tena shimoni. Hewa ya shimo la namna hiyo inaweza kuua.

Sampuli za metali zikae kwenye mifuko safi ya plastiki, zile za mafuta kwenye chupa za kioo zenye vifuniko vikali na ndani ya kasha la barafu. Kila moja iandikwe tarehe, namba, kina na jina la aliyeichukua. Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali ina kanda ya kaskazini Arusha, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, pia wako Arusha. Linganisha majibu na Kanuni za Viwango vya Ubora wa Udongo za mwaka 2007. Ili kupata picha ya dunia inaelekea wapi: Marekani mwaka 2024 ilishusha kiwango cha risasi kinachoashiria hatari kwenye udongo wa makazi kutoka miligramu 400 kwa kilo hadi 200.

Sasa jambo ambalo wataalamu wa kutoka mbali hulikosea. Udongo wa volkano kwa asili yake una metali kiasi fulani, kromia na nikeli zikiwemo. Kwa hiyo chukua sampuli za kulinganishia nje ya eneo, upande wa juu, mahali ambapo hapajawahi kuwa na kiwanda. Bila hizo utaitisha usafishaji wa kitu alichokiweka mlima. Vilevile floraidi kwenye maji ya ukanda wetu mara nyingi ni ya asili, usiitie kwenye hesabu ya kiwanda.

Kuhusu maji, chimba visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu, kimoja upande wa kaskazini na viwili kusini, ili ujue maji ya chini yanaelekea wapi. Kwa Moshi jibu karibu kila mara ni kusini, kuelekea Pasua na Mabogini, kwenye majaruba ya mpunga yanayolisha maelfu ya watu. Pima kabla ya masika na baada yake, maana maji ya chini yakipanda hugusa matabaka ambayo kiangazi yalikuwa makavu.

Hatua ya 4: Watu waliopo

Hakuna eneo lililo tupu. Yupo mlinzi aliyekaa na familia yake tangu kiwanda kifungwe. Wapo akina mama wanaolima mchicha na mahindi ndani ya ukuta. Wapo mafundi gereji waliopangishwa kwa mdomo, na wapo wafanyakazi wa zamani ambao hadi leo wanadai mafao. Waorodheshe wote kwa majina, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, kabla habari za mradi hazijaenea. Baada ya hapo orodha itakuwa ndefu mara tatu.

Madai ya kurejesha ardhi yana ukomo wa miaka 12, kwa hiyo aliyekaa muda mrefu bila kusumbuliwa anaweza kuwa na hoja ya kisheria. Pata ushauri wa wakili juu ya kila mmoja. Ila hata asiye na haki ya kisheria ana haki ya kuambiwa ukweli mapema, kupewa muda wa kuvuna alichopanda, na kulipwa kitu cha kumwezesha kuhama. Na mchicha uliooteshwa kwenye udongo usiopimwa usiendelee kupelekwa sokoni. Waeleze wakulima hao majibu ya maabara kwa lugha yao, hata kama yanatia aibu.

Itisha mkutano wa mtaa. Usilete mabango ya nyumba nzuri, lete maswali: maji ya mvua yanaingia wapi kwenye nyumba zenu? Njia ya mkato ya watoto kwenda shule inapita wapi? Mfongo wa zamani, ule mfereji wa asili wa kumwagilia, ulipita wapi? Majibu ya mkutano huo yatakuokoa kwenye mchoro.

Hatua ya 5: Vibali

Ombi la kubadili matumizi linaanzia manispaa, kwa Afisa Mipango Miji, chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Utaambatisha hati, ramani, maelezo ya unachotaka kujenga, na risiti za kodi ya pango. Tangazo linatolewa ili mwenye pingamizi ajitokeze, kisha linaingia kwenye kamati ya madiwani, halafu kwa mamlaka za ardhi. Angalia kwanza mpango kabambe wa mji. Kama unaonyesha eneo hilo ni la viwanda kwa miaka ijayo, ombi lako litahitaji hoja nzito, na hoja nzito ni kwamba mji umeshalizunguka na udongo umepimwa.

Sambamba na hilo fungua Tathmini ya Athari kwa Mazingira NEMC, kwa kutumia mtaalamu aliyesajiliwa. Majibu ya maabara yawe moyo wa ripoti hiyo, yasifichwe kwenye kiambatisho. Pia kumbuka Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Viwanda vya zamani vilipenda kukaa kando ya mito ili kumwaga maji machafu, kwa hiyo sehemu ya eneo lako huenda haitajengwa kabisa. Ikubali mapema na uifanye ukanda wa miti.

Mengine (kibali cha ujenzi, zimamoto, usalama kazini kwa OSHA, usajili wa wakandarasi na wabunifu) ni ya kawaida kama mradi mwingine wowote, sitakaa hapo.

Hatua ya 6: Kusafisha

Usafishaji una njia tatu, na kazi yako ni kuzichanganya vizuri.

Kuondoa udongo ni njia ya uhakika lakini ina gharama. Fikiria sehemu ya mita za mraba 2,000 yenye sumu hadi nusu mita. Hizo ni mita za ujazo 1,000, kama tani 1,600. Kwa lori la tani 15 ni zaidi ya safari 100, na dampo la kawaida halitakiwi kupokea taka hatarishi. Kwa hiyo ondoa kile kikali tu, kwa kibali cha NEMC cha usafirishaji, lori likiwa limefunikwa turubai na magurudumu yameoshwa getini.

Njia ya pili ni kufunika. Sumu isiyosafiri na maji inaweza kubaki chini ya kitambaa maalumu cha alama na tabaka la udongo safi lisilopungua nusu mita, au chini ya lami na zege. Hapa ndipo ujuzi wa kupanga mji unapookoa fedha: maegesho ya magari, barabara ya ndani na ghala la pamoja viwekwe juu ya sehemu hizo, na nyumba na viwanja vya watoto viwekwe pasafi. Mradi mmoja wenye mchoro uliofuata ramani ya udongo unaweza kupunguza safari za lori kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na uliochorwa bila kuijua.

Njia ya tatu ni kutibu hapohapo, na inafaa mafuta mepesi na dizeli. Udongo unalazwa kwenye tuta juu ya plastiki nene, unachanganywa na samadi, unatunzwa na unyevu na kugeuzwa kila baada ya wiki chache, hadi bakteria wamalize kazi. Inachukua miezi, lakini inafanyika kwa vibarua wa hapahapa na trekta. Haifai metali. Metali haiozi.

Asbesto iachiwe waliofunzwa. Mabati ya asbesto na vifuniko vya mabomba vilowanishwe kabla ya kuguswa, vitolewe vizima bila kuvunjwa wala kukatwa kwa msumeno, vifungwe kwenye plastiki mara mbili. Kibarua asiye na barakoa ya kuchuja vumbi laini asikaribie. Kitambaa mdomoni hakizuii nyuzi hizo, na ugonjwa wake hujitokeza baada ya miaka 20 au zaidi, wakati mradi umeshasahaulika na kijana huyo ana wajukuu.

Usafishaji ukiisha, pima tena. Bila majibu ya pili huna cha kumwonyesha mnunuzi.

Hatua ya 7: Sasa chora

Anza na maji. Moshi yote inateremka kutoka mlimani, na mvua ya masika inashuka kwa kasi. Sehemu ya chini kabisa ya eneo iwe ya wazi, yenye nyasi, inayoweza kupokea maji kwa saa chache. Mahali palipochafuliwa pasitumike kuzamisha maji ya mvua, maana utayasukuma yaliyofunikwa hadi kwenye majaruba.

Maji taka ni baraka kwetu. MUWSA, mamlaka ya maji ya Moshi, wana mfumo wa mabomba na mabwawa ya kutibu Mabogini, na eneo lililo juu ya mabwawa hayo linaweza kupeleka maji taka kwa mteremko bila pampu. Kaa nao mapema mjue bomba la karibu lina nafasi kiasi gani. Kila shimo la choo utakaloepuka ni kisima cha jirani ulichokinga.

Tunza majengo yanayofaa. Ghala lenye fremu imara ya chuma na paa la juu linaweza kuwa soko, ukumbi, zahanati au karakana za vijana, na ni rahisi kuliko kubomoa. Mhandisi alipime kwanza. Miti mikubwa iliyoachwa na kiwanda usiikate. Kivuli hicho kimechukua miaka 40 kukua.

Kuhusu nyumba, mimi naegemea ghorofa tatu au nne zisizo na lifti, zilizopangwa kuzunguka ua, zikiwa na maduka chini upande wa barabara. Ekari 10 zikigawanywa viwanja vya nyumba moja moja zenye ukuta zitachukua familia chache zenye uwezo, na mji utaendelea kutambaa kwenye mpunga. Weka vyumba vidogo pia. Mwalimu anayeanza kazi, muuguzi, mjane anayeuza soko la Mbuyuni nao waishi hapo. Acha njia ya watembea kwa miguu inayokatiza eneo zima, mchana na usiku. Mtaa uliozungushiwa ukuta unabaki kiwanda chenye mapazia.

Hatua ya 8: Fedha

Usitegemee wanunuzi wote wachukue mkopo wa nyumba. Sheria ya mikopo hiyo ipo tangu 2008 na mabenki yanakopesha, lakini wengi wetu hujenga kidogokidogo. Moshi ni nyumbani kwa ushirika: wakulima wa kahawa waliungana hapa mwaka 1925, chama kikuu chao, KNCU, kikazaliwa 1933, na leo kuna Chuo Kikuu cha Ushirika. Chama cha ushirika wa nyumba kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 kinaweza kukusanya akiba za wanachama kabla ya ujenzi, kumiliki ardhi kwa pamoja na kukabidhi nyumba kwa awamu. Fedha za wanachama zikae kwenye akaunti ya pekee yenye watia saini watatu, na zisiguswe hadi upekuzi, majibu ya udongo na kibali cha kubadili matumizi viwe mezani.

Jenga kwa awamu, ukianza na upande uliokuwa msafi tangu mwanzo. Familia za kwanza zikiingia, usafishaji wa upande wa pili uendelee nyuma ya uzio wa mabati, vumbi likimwagiwa maji kutwa mara kadhaa.

Hatua ya 9: Kukabidhi na kufuatilia

Nyumba za ghorofa zinagawanywa kwa hati za sehemu ya jengo chini ya sheria ya mwaka 2008, na sheria hiyo inataka wamiliki wawe na chama chao cha kusimamia ngazi, paa, bustani na mabomba ya pamoja. Kisajiliwe kabla mtu wa kwanza hajahamia, na michango yake ya mwezi itajwe kwenye mkataba wa mauzo.

Mkataba huohuo uwe na ramani inayoonyesha palipofunikwa sumu, kina chake, na makatazo: hakuna kuchimba kisima, hakuna kupanda mboga ardhini katika sehemu hizo. Wanaopenda mchicha watengenezewe vitanda vya juu vyenye udongo ulioletwa. Visima vya uchunguzi visizibwe. Vipimwe mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, kwa fedha za chama, na majibu yabandikwe penye ubao wa matangazo.

Nakala ya jalada lote, kuanzia upekuzi wa kwanza hadi majibu ya mwisho ya maabara, ikae kwa chama cha wamiliki, nyingine manispaa, na nyingine ofisi ya mtaa. Fundi yeyote anayetaka kuchimba zaidi ya nusu mita aonyeshwe kwanza ukurasa wa ramani ya udongo, atie saini, ndipo apewe ruhusa ya kuanza.